Mwisho wa Riwaya Uliofungiwa Usipa

Mimi ndiye mwalimu wa fizikia niliyebishana Jumamosi hadi jasho likanitoka. Chama chetu cha wasomaji hapa Mbinga kina nakala moja tu ya riwaya ya chombo kinachokwenda nyota nyingine, imebanduka jalada, na mimi nilikuwa wa mwisho kuisoma, jikoni kwa mama.

Mzee Salumu, mwenye duka la vitambaa, alisema hesabu za mwendo zilimchosha, ila mwisho ulimliza.

“Mwisho gani, mzee wangu?” nikamuuliza. “Chombo kimeachwa gizani, katikati ya sentensi. Huo ndio ufundi.”

Wanachama wakatazamana. “Mwalimu, si wale wasafiri wanatua?” akasema Mama Komba.

“Hawatui.” Nikasimama, nikachora ubaoni kwa nini sayansi haiwaruhusu kutua. Hakuna aliyenitikisa.

Tulipochoka kubishana, nikawagawia usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwani kutoka Lituhi, ambao mama alinifungia kwenye karatasi asubuhi ile, kifurushi kwa kila mtu. Mzee Salumu akafungua kifurushi chake, akavaa miwani, akaisoma hadi chini karatasi ya chapa iliyolowa mafuta.

“Wametua, Mwalimu,” akasema. “Wametua hapa, kwenye usipa wangu.”