Kiti cha Mzee Ambindwile

Zubery alikuwa fundi wa kwanza Tukuyu wa tinti, zile karatasi nyeusi za vioo vya magari, na alihakikisha hakuna asiyelijua hilo. Biashara ilipokuwa ruksa na magari ya mtumba ya Japani yakaanza kupanda milima ya Rungwe, alifungua kibanda karibu na stendi, akawa anaagiza Dar es Salaam tinti zilizokwisha kukatwa kwa vipimo vya kila gari. Unataja toleo la gari, wanakutumia kwa basi, kazi yako ni kubandika. Toleo lenyewe limeandikwa kwenye kibati kidogo chini ya boneti. Asiyekisoma ni kama anayemnunulia shati mtu asiyewahi kumwona.

Obed wa Kyimo alipomwita, shida yake haikuwa jua wala urembo. Kwa Wanyakyusa walioshika mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mzee Ambindwile, baba yake Obed, aliishika mila kwelikweli, na furaha yake yote ilikuwa kukaa barazani akisalimiana na wapita njia. Nyumba ya Obed ilikuwa nyuma ya ile ya mzee, ndani ya migomba, na gari halikuwa na njia nyingine ila mbele ya baraza hiyo. Kwa hiyo Sekela, mke wa Obed, kila akienda kliniki alijilaza kwenye kiti cha nyuma, kajifunika kanga, mpaka wafike barabarani. Sasa tumbo lilikuwa kubwa. Kujikunja hawezi, na akijilaza anakosa pumzi.

Zubery alifika kukagua toleo la gari siku ambayo Obed yuko shambani. Gari lilikuwa uani, mzee barazani, na ufunguo alikuwa nao Sekela ndani ya nyumba yake, naye hawezi kukatiza ua mbele ya mkwewe. Boneti haifunguki mpaka ufungue mlango wa gari, lakini Zubery angeweza kungoja. Angeweza hata kumwomba mzee aingie ndani kidogo, na mzee angeingia. Lakini mvua ilikuwa imeshafika Kiwira, na fundi wetu huyu alikuwa anajisikia.

"Hufungui ukaangalia?" mzee alimuuliza.

"Tata, Corolla mimi naijua hata nikiwa nimeipa mgongo. Hii ni toleo jipya, mia na kumi."

Lilikuwa toleo la zamani, la mia. Alilijua hilo siku ya kubandika, kibandani kwake, Obed na Sekela wakiwa wanangoja. Vioo vya milango ya nyuma vilibaki wazi kwa upana wa kiganja. Alifungua boneti, akasoma kibati alichopaswa kukisoma mwanzo, akaifunga polepole. Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka.

Akageuka aseme. Sekela alikuwa ameshaingia, amekaa wima, mikono juu ya tumbo, anacheka peke yake.

"Fundi, hapa palipobaki wazi hapaonyeshi?" aliuliza.

"Ukiwa nje huoni kitu, dada. Ndivyo zinavyokatwa," Zubery alisema.

Wakaondoka wakimshukuru.

Baada ya muda alipata kazi Kyimo, akapita kwa mzee kumsalimu. Alimkuta barazani kama kawaida, ila kiti kimegeuzwa. Mzee alikuwa ametazama ukuta. Watu walipita njiani wakimsalimu, naye akaitikia bila kujua ni nani.

"Mbona umegeuka, tata?"

"Mkamwana wangu siku hizi anapita amekaa wima. Namwona mpaka kilemba. Nikisema, atarudi kujilaza na tumbo lile. Na masikio yangu yamechoka, gari silisikii mpaka limefika. Acha nitazame ukuta."

Zubery alitamani mzee amtukane, ingekuwa nafuu. Alijiona mtu ovyo kabisa: amemnyang'anya mzee wa watu njia yake yote na wasalimiaji wake, kwa uvivu wa kungoja ufunguo. Akarudi Tukuyu, akapiga simu Dar kutaja namba ya kibati, na tinti zilipofika akawaambia Obed na Sekela kwamba ameleta nyingine nzuri zaidi. Hata hapo ukweli haukumtoka. Vioo vya nyuma vikazibika hadi ukingoni, naye akalizunguka gari kwa nje, akachungulia, akazunguka tena.

Siku ya kliniki iliyofuata alifika kwa mzee kabla gari halijatoka.

"Tata, geuza kiti. Kosa lilikuwa langu, sikusoma kibati. Nimebandika upya, sasa huoni kitu, haki ya Mungu."

Mzee hakukasirika, akageuza kiti. Wakakaa wote wakiitazama njia, mzee akamwita kila aliyepita kwa jina, sauti imemrudi.

"Linakuja," Zubery alimnong'oneza.

Gari lilitokea kwenye migomba, likapita mbele yao na vioo vyeusi, Sekela yuko ndani salama, likashika barabara. Zubery alicheka kwa furaha.

"Umeona, tata? Kuna kitu umeona?"

"Sijui, mwanangu," mzee alisema kwa upole. "Nilifumba macho. Hata mara ya kwanza ulisema gari hili unalijua."

Akaanza kuinuka ageuze kiti. Zubery akamshika mkono, kisha akakiinua kiti mwenyewe na kukigeuza ukutani.