Farasi wa Bibi, Alhamisi ya Mwisho

Juzi Mama alisukuma kikombe chake cha chai kando akasema, "Leo twende tukachague farasi." Wewe ungedhani ni mama mtu mzima anayetaka kupunga upepo, maana kiangazi huku ughaibuni, hapa Blaine, ni kifupi na kila mtu analigombania jua. Lakini mimi najua farasi walitufanyia nini, na wiki nzima Mama alikuwa akizungumzia paa la nyumba yetu ya Lamu.

Nilipokuwa mdogo tulikaa Brooklyn Park, kwenye ghorofa ambazo ngazi zake zilinuka vitunguu vya nchi zote. Tulikuwa watatu: Mama, mjane mwenye duka la vitambaa; Bibi, mama yake, aliyekuja kututembelea kutoka Lamu; na mimi, niliyejibu kila kitu kwa Kiingereza. Kila Alhamisi Mama alifunga duka mapema, tukaendesha mpaka ng'ambo ya mto, kwenye uwanja wa mbio. Usifikirie mbio kubwa za kwenye televisheni. Wale walikuwa farasi wa bei poa, wengine wazee, wengine wamefungwa bendeji miguuni, na watazamaji walikuwa wastaafu wenye kofia na watoto waliojipaka aiskrimu hadi masikioni.

Pesa hatukuweka. Bibi alisema kamari haitakanyaga mkeka wake. Tulishindania kazi: kila mmoja achague farasi wake, na ambaye wake angebaki nyuma zaidi ndiye atakayeosha vyombo. Basi nilisugua masufuria yaliyoshika ukoko mpaka vidole vikanikunjamana, kwa sababu Bibi hakushindika. Baba yake alikodisha punda, na yeye alikulia miguuni mwao. Kabla ya kila mbio tuliegemea uzio wa mahali wanapozungushwa farasi, mahamri mkononi, harufu ya bisi ikichanganyika na ya mavi, naye akinifundisha. Tazama miguu kwanza. Mguu wa nyuma ukanyage mbele ya alama ya ule wa mbele. Anayetokwa na jasho kabla ya kukimbia, hofu imeshammaliza. Aliyebana mkia, achana naye.

Alhamisi ya mwisho ya msimu, viza ya Bibi ilikuwa inakaribia kwisha. Mama alitaka kumwombea kibali cha ukaazi, na kila akimuuliza Bibi alijibu, "Tutaona." Siku hiyo Mama alimbana ndani ya gari.

"Mama, please, niambie leo. Nipeleke makaratasi ya green card ama nibuku tiketi?"

Bibi aliyatazama magari ya watu. "Farasi atakata shauri," akasema. "Wangu akishinda, nakaa. Akishindwa, n'rejeshe kwangu."

Mama akaangua kicheko, maana Bibi na ushindi walikuwa chanda na pete. Mimi sikucheka. Bila Bibi ningekuwa nikitoka shule naingia nyumba tupu, hakuna redio, hakuna wa kunisuka, hakuna anayeniita kwa jina langu lote. Niliogopa kiasi kwamba hamri langu nililishika tu mpaka likapoa.

Kwenye uzio niliona upesi nani wa kuchaguliwa: mweusi mmoja, mwendo laini, kichwa kimetulia. Bibi alimtazama sana, kisha akampita. Akanyoosha kidole kwa farasi wa kahawia aliyelowa jasho shingoni, mkia ameubana.

"Yule."

"Bibi, no! Anatoa jasho!"

"Kila mtu na wake," akajibu, bila kunitazama.

Nikadhani macho yamemzeeka. Mbio zilipoanza alinishika kifundo cha mkono akanikaza. Mweusi alitangulia, lakini alipofika kona ya mwisho akachoka, na wale wengine walikuwa hovyo zaidi. Yule wa kahawia akaja kwa upande wa nje. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Bibi alikuwa akinong'ona, "Polepole, polepole," kucha zake zimenizama, nami nikadhani ananituliza mimi.

Kahawia alishinda.

Mama alilia kwa furaha, akamkumbatia Bibi katikati ya wale wastaafu. "Haya, nimekaa," Bibi akasema. Kisha akaomba chai, na alipoipokea, akaishika tu mpaka ikapoa.

Msimu huo wa baridi dada yake alifariki Lamu. Makaratasi yalikuwa bado yanashughulikiwa, na akitoka nchini kwenda kuzika, maombi yangefutwa. Bibi alikaa dirishani akiwatazama majirani wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari. "Yule farasi kanitenda," akasema. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa na ulimi wa kumwambia binti yake mjane kwamba anataka kurudi kwao, akamtafuta farasi mbovu wa kumsemea, akapata asiyejua kushindwa siku moja aliyotakiwa ashindwe. Bibi naye alifariki bila kurudi Lamu, tukamzika hukuhuku, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu. Siri yake Mama sikumwambia kamwe.

Basi juzi tukaegemea uzio uleule. Kaunta za wauza tiketi sasa ni mashine, wastaafu wa kofia siwaoni tena, na chai tulinunua ya maji moto na mfuko. Mama alikuwa na mkongojo wake. Akampita farasi mmoja mzuri, kijivu, mwenye miguu ambayo Bibi angeipenda. Akanyoosha kidole kwa mmoja aliyelowa jasho.

"Yule wangu," akasema. "Akishindwa—"

Kumbe alijua siri ya Bibi. Sijui tangu lini. Nilikuwa nimemsihi wiki nzima asifikirie kwenda, na nilitamani, Mungu anisamehe, yule farasi mbovu ashinde. Nikaushusha mkono wake taratibu.

"Mama, mwache farasi. Niambie mwenyewe."

Tarumbeta ya kuita mbio ikalia. Mama akauegemea mkongojo wake.

"Nataka kwenda kwetu," akasema.

Farasi wakapita kwa kishindo nyuma yetu, na hatukugeuka kutazama nani ameshinda.