Upande wa Chini wa Meza ya Treni

Nakumbuka siku meza yangu ilipogeuzwa miguu juu mbele ya wazazi, na mpaka leo masikio yananiwaka moto. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu jana hapa kwenye karakana yetu ya Somanda nilikusikia ukimwambia mwenzako, "Piga misumari tu, huko chini nani anaangalia?" Nimekasirika, sifichi.

Nilikuwa fundi kijana. Mwalimu Minza, aliyekuwa anafundisha shule ya Sapiwi, alitengeneza na wanafunzi wake treni ndogo ya makopo, yenye mota za redio kaseti mbovu na reli za waya. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuona treni. Waliihangaikia mwaka mzima, kisha wakaniomba meza pana iliyonyooka ya kuipitishia siku ya wazazi. Mimi, kwa haraka ya kijinga, nikachukua mbao mbichi za mkaratusi. Nyufa nikaziziba kwa gundi na vumbi la mbao. Juu nikapiga randa mpaka pakang'aa, nikajipongeza.

Wiki mbili za jua zikaipinda. Siku yenyewe treni iliondoka vizuri, watoto wakapiga makofi, ikafika kwenye kiungo kilichoinuka, ikaanguka sakafuni na kuvunjika. Mwalimu Minza aliinama kuokota vipande, wala hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Mzee Masanja, aliyenifundisha ufundi na aliyekuwa pale pamoja na wazazi, ndiye aliyeigeuza ile meza. Akapitisha mkono kwenye gundi na misumari iliyopinda, kisha akaniita mwanangu kwa Kisukuma na kuniuliza taratibu, "Ng'wanawane, juu umemtengenezea mwalimu. Huku chini umemtengenezea nani?"

Nilijenga meza nyingine kwa mbao kavu, lakini treni ile haikutembea tena, na watoto wale walimaliza shule bila kuiona ikizunguka. Hilo halirekebishiki, na linaniudhi kila nikishika msumeno.

Basi sikia. Subiri mbao ikauke. Chonga viungo, usitegemee misumari. Weka pima maji kwenye fremu uone kama imelala sawa kabla hujafikiria vanishi, maana kazi yote inasimama pale pasipoonekana. Na kama huwezi kusubiri, mwambie mteja ukweli, aende kwa fundi mwingine.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu. Na siku mtu atakapoigeuza meza yako, Mungu akujalie usimame hapo hapo umtazame usoni.