Fundi seremala nilivyoponywa ugonjwa wa "njoo kesho" na watawa wa milimani Kilosa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Walionizidi umri, shikamooni. Naomba muiitikie kabisa kabla hamjaendelea kusoma, mbele huko mtanielewa.

Haya yamenikuta mwenyewe. Chumvi nimeweka ile ya kawaida tu ya mtu wa Mikumi.

Mimi ni fundi seremala. Asili yangu Kimamba, ila karakana ipo Mikumi, nyuma ya pale malori yanapopumzikia.

Sasa mafundi mnatujua. Kitanda ni kesho, kabati ni kesho, mlango "upo kwenye vanishi" wakati mti wake bado una majani porini. Nilikuwa napokea kazi ya kila mtu na simu ya kila mtu. Nikishika randa, simu inaita. Nikimaliza kuongea naingia status kidogo, nikishtuka jua limezama na ubao upo vilevile.

Wateja wakaanza kunikimbia. Kibaya zaidi, kazi yenyewe ikaniishia hamu. Nikawa najiuliza, hivi nimeumbwa nije duniani kuchonga stuli tu? Nikapata mtu wa kununua mashine yangu ya randa, nikapanga niende Dar nikawe dalali wa viwanja. Mke wangu hakutaka hata kusikia. Alisema kama uongo ndio mtaji, hata Mikumi upo.

Katikati ya hayo kulikuwa na Bibi Tatu.

Huyu ni mama mkubwa wa mke wangu, anaishi Ulaya. Wageni msishtuke, Ulaya ni kijiji kipo barabara ya Mikumi kwenda Kilosa, nimeshafika mara nyingi na sijawahi kuombwa viza. Bibi aliniletea mbao za mninga alizoachiwa na marehemu mumewe, nimtengenezee kitanda. Zile mbao zilikaa karakana mpaka kuku wakazifanya kwao.

Siku moja nikamkuta msibani, nikamwamkia. Akanitazama tu.

"Hiyo shikamoo yako iweke," akasema. "Nitaiitikia siku kitanda kikifika."

Mbele za watu, wakuu. Kwetu mkubwa akikataa shikamoo yako, hata chai ya msibani haipiti kooni.

Nikamwambia yule mnunuzi wa mashine anipe muda kidogo, kwa sababu nilikuwa nimepata kazi ya mwisho: kutengeneza mabenchi ya kanisa kwenye monasteri moja milimani. Ni watawa wa kiume, wanaishi pamoja kwa sala na kazi. Mimi Muislamu, lakini benchi halina dini.

Siku ya kwanza mchana nikakaribishwa mezani. Nikaingia na adabu zangu za Kimamba, nikawaelekea wazee kwa sauti kubwa, "Shikamooni."

Kimya.

Nikarudia, labda hawajasikia. Mmoja akanisogezea bakuli la maharage. Basi. Ugali ule niliula kwa hasira. Nikajisemea hawa wamenidharau, wameona kofia yangu. Nikaenda kukusanya vifaa niondoke, na moyoni nawaza kumbe hata huku habari za Bibi Tatu zimeshafika.

Nikiwa nafunga mfuko, akaja mzee mmoja kati yao, padre mwenye fimbo, anapanda kile kilima taratibu, anahema. Akafika, akasimama, akapumua kwanza.

"Marahaba, kijana."

"Ya nini tena, mzee?"

"Ya mchana. Mezani huwa hatuongei. Nikaona nikuletee."

Nikamwambia angeweza hata kunitikisia kichwa tu pale mezani.

Akacheka. "Shikamoo haiitikiwi kwa kichwa. Ulikuwa muda wa kula, nikala. Sasa ni muda wako, nimekuja."

Akageuka, akashuka na fimbo yake. Wakuu, nilikaa juu ya ule mfuko wa vifaa machozi yakinilenga. Mzee mzima kabeba marahaba moja mpaka juu ya kilima, na mimi nimeshindwa kubeba neno langu la kitanda kutoka Mikumi mpaka Ulaya.

Nikabaki. Nilipewa Bruda wa kunisaidia, mcheshi sana, ila nyundo na yeye hawaelewani kabisa. Kengele ikilia anaacha msumari umeingia nusu, anakwenda kusali. Mwanzoni nilikuwa nakereka, namwambia malizia basi huo mmoja. Ananijibu, "Utanisubiri, hauna miguu." Akirudi anaanza na uleule. Hagusi mwingine, hashiki simu, hana presha. Na mabenchi yakaisha kabla ya siku niliyoahidi. Mimi huyu.

Nilivyorudi nyumbani nikamwambia mke wangu nataka kununua kengele ya karakana. Akaniangalia kwanza kama nimebatizwa huko.

"Na ile adhana ya hapo msikitini," akaniuliza, "miaka yote ulikuwa unaisikia kama matangazo ya mnada?"

Kengele nikaghairi.

Basi siku hizi simu inalala kwenye kopo la misumari. Adhana ikilia naweka randa chini, nasali, halafu ndipo nawapigia wote walionitafuta, mmoja mmoja. Kazi ni moja mpaka iishe. Na neno "kesho" nalitumia kwa maana ya kesho.

Nikaanza na kitanda cha Bibi Tatu. Niliwafukuza kuku, nikachonga ule mninga kwa utulivu mpaka nikakumbuka kwa nini nilijifunza ufundi. Harufu yake tu inatosha. Tukakipakia kwenye toyo mpaka Ulaya, nikakifunga chumbani kwake mwenyewe.

Nikapiga magoti pembeni. "Shikamoo, Bibi."

Hakujibu. Akakizunguka, akapapasa mbao za mumewe. Akakaa. Akalala chali kabisa na kanga yake, macho darini. Nikajua leo naumbuka tena.

Kisha kwa sauti ndogo, bila kunitazama, akasema, "Marahaba, baba. Marahaba na ile ya msibani."

Nilitoka nje nikampigia yule mnunuzi, nikamwambia mashine haiuzwi.

Nilichojifunza ni kwamba kusudi la maisha nilikuwa nalitafuta mbali, kumbe lilikuwa limelaliwa na kuku karakana. Mimi nimeumbwa nichonge ili watu walale vizuri, na nikisema kesho iwe kesho. Inanitosha na nina furaha, sitanii.

Karibuni mchangie, hata wa kunikosoa. Ila kabla hujaandika, hebu waza kwanza: ni nani huko kwenu bado anasubiri marahaba yako?