Kashindaje Mtu Wako?

Redio ya masafa mafupi hukoroma, hupiga mluzi, kisha sauti ya mtu wa mbali huibuka kana kwamba inatoka chini ya maji. Mlio huo niliusikia tena juzi, tulipokuwa tunafunga viyoyozi katika ofisi moja hapa Dodoma. Kijana wangu mmoja wa kazi alikuta redio kuukuu stoo, akaiwasha kwa mchezo. Mimi nikasimama na bisibisi mkononi, nikiwasikia upya wale waliosema sitavuka Chamwino, wilaya ya hapo jirani tu.

Chamwino nimeivuka. Nimevuka na bahari, nikasoma Marekani kwenyewe, nikarudi na stashahada ya mitambo ya baridi. Serikali ilipohamia huku na majengo yakaota kama uyoga, wakubwa wengi walipozwa na mikono hii. Msidhani naona haya kujisifu. Waliotaka ninyamaze walipata nafasi yao ya kusema, na waliitumia vizuri.

Nataka niwasimulie wiki waliyoitumia. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nangoja matokeo. Huko Marekani watu walikuwa wamepiga kura, na kila jioni wakawa wanalala bila kujua nani kashinda.

Mkonze ya siku hizo, kijiji chetu nje kidogo ya mji wa Dodoma, ilikuwa na zabibu, uwele na vumbi la kungojea mvua. Mbele ya stoo ya karanga ya Mzee Idi palikuwa na benchi refu la kahawa, linanukia tangawizi tangu alfajiri. Mzee Idi alipenda kutukumbusha kwamba babu zake walifika Dodoma na misafara ya pembe, kwa hiyo habari za dunia zilikuwa mali ya ukoo wao. Baba yangu, Mrangi aliyeshuka kutoka Kondoa, alimsukumia magunia kwa mkokoteni. Kahawa yake aliinywa amesimama. Hakuna aliyemkataza kukaa, ila kila mtu pale alijua nani hukaa na nani husimama, na baba alijua kuliko wote.

Kilichombadilishia baba hali hiyo ni Kiingereza changu. Nilikiokota kwa jirani yetu, karani mstaafu wa reli, aliyenifundisha kwa malipo ya kumfagilia uwanja. Redio ya Mzee Idi ilikuwa kubwa kuliko zote Mkonze, lakini stesheni za ng'ambo alizozipenda zilitangaza Kiswahili alfajiri na jioni tu. Mchana kutwa iliongea Kiingereza, na benchi lote lilikuwa likiitazama kama ng'ombe anayetazama treni. Siku moja nikawaambia inasema nini. Wakanicheka, wakangoja taarifa ya Kiswahili ya jioni, wakakuta ni yaleyale. Kesho yake mtu mmoja akajisogeza, akapiga ubao kwa kiganja.

"Kaa, Baba Athumani. Unatuzibia upepo."

Baba akakaa pembeni kabisa, kama anayekalia mayai. Usiku ule alimsimulia mama jambo hilo mara mbili, na mara zote mbili alianza kwa kusema, "Si jambo kubwa."

Wagombea walikuwa wawili: makamu wa rais, na gavana ambaye baba yake aliwahi kuwa rais. Mzee Idi alikuwa wa gavana.

"Mtoto wa mfalme hashindwi," alisema. "Ufalme uko kwenye damu."

"Kule hakuna mfalme," alijibu Bakari muuza kahawa. "Kuna kura."

"Kura ni karatasi, Bakari. Hata wewe kashata zako unafungia karatasi."

Siku ya matokeo, saa nne asubuhi, redio ikasema gavana ameshinda. Nikatafsiri hivyohivyo. Mzee Idi hakumalizia kahawa yake. Alichukua baiskeli akaenda mjini, na kote sokoni akatangaza kwamba mtu wake kashinda. Kila alipoulizwa kaambiwa na nani, alijibu, "Nimesikia mwenyewe redioni. Kwa Kiingereza."

Alirudi baada ya adhuhuri na wenzake kadhaa wa sokoni, akaagiza kahawa ya wote. Kumbe wakati yuko njiani redio ilikuwa imegeuza maneno. Nikamwambia, kwa adabu zangu zote, "Mzee, wameyarudisha. Hajashinda bado. Yule mwingine alimpigia simu kukubali kwamba kashindwa, kisha akapiga tena kusema hakubali."

Mmoja wa wale wageni akacheka mpaka kikombe kikamwagika. "Anapiga kukubali, halafu anapiga kukataa? Idi, hiyo ni posa au uchaguzi? Na wewe ulisikia mwenyewe?"

Kicheko kile kilikuwa cha Mzee Idi, kwa haki kabisa. Nilimwona akikipokea, akikigeuzageuza, akitafuta pa kukitupa. Akakitupa kwangu.

"Kanidanganya huyu mtoto. Kiingereza cha kufagilia uwanja, unategemea nini?"

Taarifa ya Kiswahili ya jioni ikasema tu kwamba mshindi hajapatikana, ikawa ushahidi dhidi yangu. Nilipopita akaniita mbele ya watu, kwa upole wa mtu anayesalimia. "Athumani. Kashindaje mtu wako?"

Lugha yetu ina hila. Neno tunalojuliana nalo hali jioni lilikuwa limegeuzwa mkuki, na mkuki wa salamu huwezi kuukinga bila kuonekana huna adabu. Benchi likaangua kicheko. Kesho yake watoto walilijua. Keshokutwa wanawake kisimani walilijua. "Kashindaje mtu wako?" "Kashinda njaa?" Nami kila siku niliwatafsiria yale redio iliyoyasema, nikiamini ukweli ukizidi wataniamini. Nikawaeleza kwamba kule kura hutobolewa, na kwenye jimbo moja matundu mengine hayakutoboka sawasawa, kwa hiyo maofisa wanaziinua karatasi kwenye mwanga, wanazikodolea macho.

"Wanazitazama kwenye mwanga kama noti bandia?" aliuliza Mzee Idi. "Taifa lililofika mwezini? Jamani, huyu mtoto ana homa."

Wiki ikaisha Marekani haina rais mteule. Siku ya mwisho akaja mfanyabiashara mmoja kutoka Kibakwe kuulizia bei ya karanga. Benchi lilikuwa na nafasi. Nawaapia lilikuwa na nafasi. Mzee Idi akamgeukia baba.

"Mrangi, inuka. Mpishe mgeni."

Baba akainuka. Nilimtazama nikingoja aseme neno moja tu, kwamba mwanawe si mwongo. Alimalizia kahawa yake wima, akarudisha kikombe, akashika mkokoteni. Njia nzima nilitembea nyuma yake nikiamini kwamba ameniona mwongo kama wengine. Hakukaa tena kwenye benchi lile. Na salamu ile ilinifuata mpaka siku niliyopanda basi na sanduku langu la bati kwenda sekondari.

Miaka mingi baadaye, kwenye mji wa baridi nilikosomea, nilimuuliza bibi aliyenipangisha chumba kuhusu uchaguzi ule. Alicheka.

"Wee acha. Wengine tulilala tuna rais, tukaamka hatuna."

Kumbe nchi nzima ilitangaziwa vibaya, na kosa lile likarushwa hewani hadi Mkonze, likamkuta mtoto asiye na kosa. Nilicheka naye, kisha nikaenda chumbani kwangu nikakaa na hasira mpya, tamu, kama ya jana.

Kuhusu baba nilielewa kwa njia mbaya zaidi. Msimamizi wangu wa kazi hukohuko Marekani aliunguza mashine, akasema ni mimi. Nilikuwa na la kujibu, na Kiingereza cha kulijibu nilikuwa nacho. Sikujibu, kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa karibu. Nikiwa nimesimama pale ndipo nilipomwona baba na kikombe chake. Aliniamini tangu mwanzo. Aliinuka kwa ajili ya unga wetu. Wapo ambao wakielewa jambo kama hilo moyo hulainika. Wangu ulikauka ukapasuka kama udongo wa mbuga mwezi wa Oktoba.

Niliporudi nikaanza kulipa. Kijana aliyevumisha salamu ile kwa watoto wenzetu alikuja kuomba kazi. Nikamwambia arudi kesho, na kesho yake nikamwambia arudi kesho, mpaka akaelewa mwenyewe. Aliyekuwa akicheka kwa sauti kuliko wote alitaka kiyoyozi kwa bei ya ujirani. Nilimpa bei ya balozi.

Akabaki Mzee Idi. Ukaja uchaguzi mwingine wa Marekani, ule ambao nao hesabu yake ilisuasua siku nyingi na kila upande ukidai ni wake. Televisheni yangu ni pana kama mlango. Wazee wa benchi wakawa wanakuja sebuleni kwangu kila jioni, na baba, ninayeishi naye, akikaa katikati yao. Jumamosi, baada ya magharibi, Mzee Idi naye akaja. Stoo yake ilikwishafungwa. Viti nilivipanga mimi mwenyewe, na kila kimoja kilikuwa na mtu.

"Shikamoo, mzee. Karibu," nilisema. Kiti sikumtafutia.

Akasimama karibu na mlango, akashika fimbo kwa mikono miwili. Baba akaanza kuinuka. Nikaweka mkono begani kwake, nikaukandamiza, nikauacha pale.

"Wanasemaje hao, mwanangu?" Mzee Idi aliuliza.

Nikamtafsiria. Nilimtafsiria jimbo kwa jimbo, mji kwa mji, kura za posta na kura za mkononi, mawakili wa huku na mawakili wa kule, bila haraka na bila kuruka neno. Sijawahi kutafsiri kwa uaminifu namna ile. Mshindi alikuwa ametangazwa kitambo kabla sijafika kwenye jina lake, na wote waliokaa walikuwa wakitazama miguu ya Mzee Idi inavyotetemeka.

Asubuhi tulikunywa chai, mimi na baba.

"Umemsimamisha mzee wa watu," alisema.

"Yeye alikusimamisha wewe."

Alichovya andazi, akalila taratibu, akaomba sukari zaidi. Hakusema nimekosea.