Kinu Nilichokitunga Kanazi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika sekondari moja ya Kanazi, nilikuta darasa limesimama likinisubiri na Mkuu wa Shule ameketi dawati la nyuma. Nilikuwa katika kipindi cha majaribio. Bila taarifa yake nzuri nisingethibitishwa kazini. Andalio langu la somo la Kiingereza, yaani mpango wa kipindi hatua kwa hatua, halikuwa na nafasi ya swali la mwanafunzi aitwaye Adelina.

"Madam, hili 'mortified' maana yake nini?"

"Kuona aibu kupita kiasi."

"Limetoka wapi?"

Sikujua. Enzi hizo mwalimu hakutamka neno "sijui". Nikakumbuka kwamba kinu kwa Kiingereza ni "mortar".

"Limetoka kwenye kinu. Mwenye aibu hutwangwa."

Darasa likafurahi, likaandika. Mkuu, aliyesoma seminari, hakuandika kitu.

Ofisini aliniacha nimesimama.

"Kinu, Mwalimu?"

Hakungoja nijitetee.

"Ni Kilatini. 'Mors' ni kifo. Neno hilo kwanza lilikuwa kuua, kisha kuua tamaa za mwili kwa mfungo, ndipo likafika kwenye aibu. Kesho utawaambia."

"Nitasema nimesahihisha kidogo."

"Utasema ulitunga. Nitakuwepo."

"Watanidharau, Mkuu."

"Huenda. Lakini nyumbani watoto hawa wanasema Kihangaza, Kiswahili wamekipata shuleni, Kiingereza wanakipata kwako. Ukitunga, watakwenda kumwuliza nani?"

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa, Mkuu akiwa dawati lile lile la nyuma.

"Jana niliwadanganya. Sikujua."

Sauti ya mwanafunzi ikatoka dirishani: "Kinu kimepasuka!"

Walicheka mpaka nikamtazama Mkuu. Hakuniokoa. Nikaandika Kilatini ubaoni, nikaeleza mpaka mwisho.

Adelina akasimama. "Kwa hiyo, Madam, sasa umekufa?"

"Kidogo."

Akachukua rula, akalikata neno kinu daftarini mwake, kisha akanyoosha mkono tena. "Na 'blush' limetoka wapi?"

"Sijui. Nitalitafuta."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nyuma, Mkuu alifungua kalamu.

Nilithibitishwa. Baadaye nilihamishiwa Nyantakara kuwa Mkuu wa Idara ya Kiingereza, nikawa mimi wa kukaa dawati la nyuma, nikiwasikiliza walimu wapya wakitafuta vinu vyao.

Sasa nimestaafu kwa hiari. Nimejifunza kwamba kosa huweza kusahihishwa, ila kufutika ni jambo jingine. Majuzi sokoni mwanamke mwenye mvi za kwanza alinipigia goti.

"Shikamoo, Madam wa Kinu."

Alikuwa Adelina; Kilatini alikuwa amekisahau, kinu bado anacho. Nikaitika marahaba, uso ukiniwaka kama siku ile.