Wimbo Nilioutoa Jikoni Ilomba

Napiga video za harusi hapa Mbeya, na kwa ujinga wangu nilijiona fundi wa sauti. Picha bila sauti, nilizoea kujitapa, ni maiti. Basi asubuhi baada ya harusi moja ya Ilomba nikarudi kwao biharusi na kinasa sauti changu. Nikanasa fagio uani, kuku, mvua juu ya bati. Jikoni bibi yake biharusi alikuwa peke yake, akimenya ndizi na kuimba polepole kwa Kinyakyusa. Mimi ni Mhehe wa Iringa, sikuelewa hata neno moja. Nikapenyeza kinasa dirishani, nikauchukua wimbo wote bila hata kubisha hodi.

Nikauweka pale maharusi wanapovishana pete, na sauti nikaiongeza.

Siku ya kuwaonyesha, wimbo ulipoanza sebule nzima ikaweka vikombe chini. Nikadhani nimewagusa, nikakenua meno kama mpumbavu. Mama yake biharusi akajifunika uso kwa kitenge. Bibi akanigeukia taratibu.

“Baba, nilisubiri wageni wote waondoke ndipo nimlilie marehemu mwanangu, baba yake huyu binti. Wewe ulirudi kufanya nini?”